Fundi wa Matandiko Aliyepanda Farasi Uzeeni

Ijumaa iliyopita niliweka msharasi wangu wa kutobolea ngozi juu ya meza, nikavaa koti, nikaondoka. Jumatatu mkono mwingine uliushika. Nyinyi mliobaki kwenye karakana ya Hockley mliniomba niwaachie maneno kidogo kuhusu kazi yetu ya matandiko. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa kazi yenyewe, hapa hapa Birmingham, ingawa ni vigumu kuamini. Yule wa Mombasa na yule wa Lubumbashi watawasomea wenzao, na wakigombana juu ya maneno, ndivyo ilivyo siku zote.

Habari za vyeo hamtazikuta. Karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili, anayeshona na anayechemsha chai, na mara nyingi alikuwa mtu yule yule.

Kabla ya kufika karakanani nilikuwa nikifunga maboksi kwenye ghala moja kule Washwood Heath, mgongo ukinilaumu kila asubuhi. Mama mmoja wa duka la vitambaa, Coventry Road, karibu na nyumbani kwangu Small Heath, ndiye aliyeniambia, "Saadia, kuna Kalasinga mmoja Hockley anatafuta mtu wa kushona ngozi. Si ulisema mama yako alikuwa akishona?" Ni kweli. Mama yangu alikuwa akishona viatu na mikanda sokoni Isiolo, nami nilikaa miguuni pake nikipaka nyuzi nta. Nilipitia Uholanzi kabla ya kufika Uingereza, na katika safari hizo zote hakuna ofisi iliyowahi kuniuliza habari za ngozi.

Ndani ya basi nilijifunza Kiingereza changu cha usaili kwa moyo. Nilipofika nilimkuta mtu mrefu mwenye kilemba cha buluu, ndevu nyeupe amezifunga kwa wavu zisinaswe na uzi. Huyo ndiye Gurdev Singh. Nikaanza hotuba yangu. Akaniuliza kwa Kiingereza nilizaliwa wapi.

"Isiolo," nikasema.

Akaweka sindano chini. "Isiolo? Sasa kwa nini wewe nasumbua mimi na Kizungu? Mimi mtoto ya Kisumu!"

Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, baba yake akiwa fundi wa reli, na aliyemlea ni yaya mmoja wa pale pale Kisumu. Kiswahili kilimwingia kinywani kabla ya Kipunjabi. Kilikuwa Kiswahili cha uani na cha gereji, hakuna ngeli hata moja iliyokaa mahali pake, lakini kilikwenda mbio na hakikumwangusha.

Akanipa ukanda wa ngozi, sindano mbili na uzi mmoja wa kitani, akaniambia nishone. Nilitaka kumwonyesha nguvu. Nilivuta kila mshono mpaka ngozi ikajikunja.

"Hapana vuta kama navuta ng'ombe kaidi," akasema. "Vuta kama nafunga mtoto kiatu."

Kama mtasahau yote mengine niliyowaambia kwa miaka hii, hilo msilisahau. Mwaka wa kwanza wote sikugusa tandiko. Nilishona mikanda ya tumbo, ile inayopita chini ya farasi na kulishika tandiko lisizunguke. Alinieleza sababu mara moja tu. "Tandiko mbaya, farasi naumwa mgongo. Mkanda mbaya, mtu nazikwa." Baadaye akanifundisha kujaza sufu kwenye mito ya chini ya tandiko. Ukijaza sana, farasi anabeba jiwe. Ukijaza kidogo, anabeba mbao. Kipimo kiko kiganjani, na kiganja kinachukua miaka.

Colin aliingia karakanani siku moja ya mvua akiwa na sare ya udereva. Nilimjua, maana nilipanda basi lake kila wiki. Alikuwa na picha ya tandiko la kale, akaitandaza juu ya meza kwa uangalifu mkubwa. Alituambia kwamba yeye na wenzake, wikendi, huigiza vita ambavyo Waingereza walipigana wao kwa wao karibu miaka mia nne iliyopita, wa mfalme upande huu na wa bunge upande ule. Wao walikuwa kikosi cha wapanda farasi wepesi. Si wale waliojifunika chuma mwili mzima. Hawa walivaa koti la ngozi nene na kofia ya chuma, wakabeba upanga na bunduki fupi, na kazi yao ilikuwa kwenda mbio, kupeleleza, kupiga na kugeuka kabla adui hajajua amepigwa na nani. Kwa mambo hayo tandiko la siku hizi halifai. Mtu anataka kiti kilichoinuka mbele na nyuma, kimshike anapogeuka ghafla mkono mmoja ukiwa na upanga.

Mzee Gurdev alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Huyu dereva naumwa?"

"Hapana, Mzee. Anacheza."

"Mzungu kubwa hivi nacheza?"

Colin akauliza Mzee amesema nini. Nikamwambia kwamba kazi hiyo itahitaji muda.

Ilihitaji muda kweli. Tulitengeneza la kwanza, tukalivunja, tukatengeneza lingine. Likafuatwa na mengine, mpaka kikosi kizima kikawa kimekaa juu ya kazi yetu. Jumapili za kiangazi tukawa tunakwenda nao mashambani nje ya mji, mimi na sanduku langu la zana nyuma ya kamba ya watazamaji, kwa sababu hakuna kitu kinachokatika nyumbani. Vyote vinakatika uwanjani. Mara ya kwanza nilicheka. Niliona wauguzi, walimu na mafundi bomba wakifa kwenye nyasi, halafu maiti mmoja akainua kichwa kutazama kama mvua inakuja. Lakini farasi walipopanga mstari na kuanza kukimbia, ardhi ilitetemeka mpaka sindano zikacheza sandukuni, nami nikaacha kucheka.

Kisha Harbans akafariki, mke wa Mzee. Alikuwa akituletea chakula cha mchana kwenye mikebe midogo ya bati na kutugombeza kwa kula na mikono ya gundi. Baada ya msiba Mzee alirudi kazini haraka mno. Alikuwa akifungua karakana, anavaa aproni, anakaa. Mchana unafika, ngozi iko pale pale. Nilishona sehemu yangu na kidogo cha yake, na chai nikaiweka karibu na mkono wake.

Majira ya baridi yalipokwisha, Colin alikuja kuchukua hatamu zake, na Mzee akamwuliza kama anaweza kumfundisha kupanda farasi. Colin alidhani hakusikia vizuri. Mzee alikuwa amepita umri wa kustaafu siku nyingi.

Colin alipoondoka nikamwuliza, "Mzee, una hakika?"

"Miaka yote mimi nashona kiti ya watu wengine kukalia," akasema. "Na nyumbani hapana mtu."

Walimpa farasi jike mmoja wa kijivu, mzee naye, mpana kama kitanda. Kwa Kiingereza alikuwa na jina refu la kifahari. Mzee alimwita Dada. Tandiko lake nilishona mimi, peke yangu kuanzia kiunzi cha mbao hadi mshono wa mwisho, maana alikataa kulishona. Alisema fundi hapaswi kujishonea mwenyewe, atajionea huruma. Alipolipokea alipitisha kidole kwenye kila mshono, akalibeba begani mwenyewe mpaka garini. Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo.

Alianguka mara nyingi. Aliinuka kila mara. Mwaka uliofuata akaingia uwanjani na kikosi, koti la ngozi, upanga kiunoni, na kilemba chake badala ya kofia ya chuma, jambo walilolijadili mkutano mzima kabla Colin hajagonga meza na kusema kwamba jambo limekwisha. Watazamaji walimwuliza sana kama katika vita vile kulikuwa na Makalasinga. "Hapana," alikuwa akiwajibu, akionyesha vyoo vya kukodi pembeni mwa uwanja. "Na choo hii ya plastiki pia haikuwepo." Binti yake, Manjit, ambaye ni mfamasia, alisimama nami penye kamba akiwa amejifunika macho kwa vidole. Nilimwambia mkanda wa tumbo nimeushona mimi. Akashusha mkono, akatazama.

Nataka mjue kwamba alikuwa na furaha. Watu wanaponiuliza habari zake huanza na mwisho. Kabla ya mwisho kulikuwa na viangazi kadhaa ambavyo mtu huyu alikuwa akirudi Jumatatu na majani ndevuni, anaimba.

Dalili za kwanza niliziona mezani. Alikata ubavu wa kushoto wa tandiko, kisha akakata wa kushoto tena. Fundi yeyote anaweza kufanya hivyo. Lakini alivishika vipande vyote viwili mkononi akavitazama kama ambavyo ungetazama mikono ya mtu mwingine. Siku nyingine aliniuliza yaya amekwenda wapi. Nikadhani anatania.

Kisha ikaja Jumapili ile. Kikosi kilitakiwa kushambulia mara moja na kurudi tarumbeta ikilia. Tarumbeta ikalia, wote wakageuka, yeye hakugeuka. Aliendelea mbele peke yake, akakata kona, akawarudia wenzake upanga ukiwa juu. Watazamaji walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi nilimwona uso. Alikuwa hawajui wale watu. Colin alimsogelea polepole, akashika hatamu za Dada, na Mzee akakubali kuongozwa. Hakuna aliyeumia. Upanga ule haukuwa na makali, lakini ni chuma, na uwanjani kulikuwa na watoto.

Jioni Colin alinifuata kwenye sanduku langu la zana akiwa amevua kofia. "Haiwezekani apande tena," akasema. "Nimejaribu kumwambia. Nimefungua mdomo mara tatu. Saadia, wewe anakusikiliza."

Nilitaka kukataa. Kisha nikafikiria angeambiwa na nani mwingine, na kwa maneno gani.

Nilimkuta upande wa pili wa gari la kubebea farasi, anamsugua Dada mgongo kwa konzi ya majani makavu.

"Mzee."

"Naona jasho hapa? Sawasawa pande mbili. Tandiko nzuri." Akaendelea kusugua. "Sema. Wewe nasimama kama mtu ya polisi."

"Leo ulipokuwa mbele, uliwajua wale wenzako?"

Mkono ukasimama. Farasi akageuza shingo kumtazama.

"Colin natuma wewe?"

"Colin aliniomba. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Mimi nasikia tarumbeta," akasema. "Nasikia vizuri. Lakini najiuliza, hii tarumbeta ya nini? Na hawa watu na panga, nani? Mimi naogopa, Saadia. Mimi naogopa sana pale."

"Najua, Mzee."

"Basi imekwisha?"

"Kupanda kumekwisha. Kuja, utakuja. Nitakuja nawe."

Aliinama akaokota tandiko kwenye nyasi. Nilinyoosha mikono nimsaidie, akanikabidhi lote, uzito wote, akaniacha nimelishika. "Jumatatu mimi fundi," akasema. "Jumapili hapa mimi askari. Sasa Jumapili mimi nani?"

Katika kazi hii mtaulizwa maswali mengi magumu, ya ngozi na ya migongo ya farasi. Hilo niliulizwa nikiwa nimelishika tandiko, nikalibeba begani mpaka garini.

Alikuja karakanani mwaka mmoja zaidi. Nilimpa kazi ya kupaka nyuzi nta, kazi ya mwanagenzi, naye aliifanya kwa heshima ile ile. Halafu akashindwa kupanda ngazi za karakana, akabaki nyumbani Handsworth, na Kiingereza kikaanza kumtoka. Kilitoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Asubuhi kipo kidogo, jioni hakuna. Kipunjabi kikabaki vipande vipande. Siku moja Manjit akanipigia simu analia.

"Baba anaongea siku nzima na sielewi chochote. Nadhani ni Kiswahili. Mimi najua 'chai' na 'haraka' tu. Tafadhali njoo uniambie baba yangu anasema nini."

Nikaenda. Nikaendelea kwenda, kila nikitoka kazini. Nilimhurumia yule binti. Wanangu mimi mwenyewe wanakielewa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, na nilipokuwa nimekaa pale sebuleni nikitafsiri baina ya baba na mtoto wake wa damu, niliona jinsi mlango huo unavyofungwa bila mtu kuusukuma.

Mengi aliyosema yalikuwa madogo. Mguu unawasha. Dirisha wazi. Huyu mama mzuri naleta dawa, nani? Huyo alikuwa Manjit. Lakini kila jioni lilifika swali moja.

"Harbans wapi?"

Mara ya kwanza nilimjibu ukweli. "Mzee, Harbans alifariki." Alilia kama mtu aliyepata habari wakati ule ule, kwa sababu kwake ndio ulikuwa ule ule. Siku ya pili akauliza tena, akalia tena. Ya tatu Manjit akanishika mkono mlangoni.

"Mwambie yuko jikoni."

"Nikimwambia yuko jikoni, atakwenda jikoni."

"Basi mwambie chochote. Usimwue mama yangu kila siku."

Nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda. Mimi uongo wa aina hiyo sikuuzoea, na yeye hakuwahi kunidanganya hata juu ya mshono mmoja. Akafungua macho. "Harbans wapi?"

"Ametangulia, Mzee," nikasema.

Kwetu neno hilo linasemwa msibani, na linasemwa barabarani vile vile. Alilifikiria. Uso wake ukatulia.

"Ametangulia?"

"Ndiyo. Ametutangulia sote."

Akaanza kusukuma blanketi kwa miguu. "Basi lete kiatu. Yeye hapendi kungoja watu."

Manjit akauliza nimemwambia nini. Nikamweleza, "Nimemwambia mama yako amekufa. Na yeye amesikia kwamba yuko njiani." Alitoka akakaa kwenye ngazi, na mimi nikatafuta viatu nikamvisha Mzee, nikavifunga kamba, tukakaa hivyo mpaka akalala.

Alifariki hospitali, mchana, mvua ikinyesha. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba maji, kwa Kiswahili, na muuguzi mmoja Mkongo akampa kabla mimi sijainuka kitini. Muuguzi alimwita "baba". Nilishukuru kwamba maji ya mwisho aliyaomba mara moja tu.

Baada ya kuchomwa kwa mwili tulikwenda gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga. Kikosi kilikuja bila panga na bila makoti ya ngozi, wamevaa suti zisizowakaa, vichwa wamefunika kwa vitambaa vya rangi ya machungwa, Colin akiwa mbele amevimba macho. Tulipokwisha kula, Manjit akapiga magoti karibu nami kwenye zulia.

"Sema maneno machache," akaninong'oneza. "Kwa Kiswahili."

"Nani atakayeelewa?"

"Hakuna. Lakini ndiyo lugha aliyomalizia. Nataka isikike humu ndani mara moja."

Nikasimama. Ukumbi ulikuwa umejaa, na nyuso zote zilinitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazamwa kabla hajaanza jambo lisilowahusu wasikilizaji. Nikaeleza habari ya siku yake ya kwanza juu ya farasi. Colin alikuwa amempandisha, akampa hatamu, akarudi nyuma. Dada akatembea moja kwa moja mpaka kwenye majani, akainamisha kichwa, akaanza kula. Mzee akamwamuru kwa Kiingereza. Hakusogea. Akambembeleza kwa Kipunjabi. Hakusogea. Mwisho, akiwa amechoka, akamwinamia sikioni akasema, "Twende, mama." Na farasi akainua kichwa akaenda. Mzee akageuka juu ya tandiko, akatupigia kelele uwanja mzima, "Hii farasi ya Kisumu!"

Nilitarajia kimya. Lakini kutoka nyuma kabisa, penye viti walivyowekewa wale wasioweza kukaa chini, pakasikika kicheko cha mwanamke. Kisha cha mwanamume. Kisha sauti ya kizee, "Kweli kabisa!" Nikatazama. Ni safu nzima ya wazee, wake kwa waume, fimbo zimeegemea magotini, wanafuta machozi na kucheka na kulia tena, na wajukuu wao wamewageukia midomo wazi.

Nilipopita kwenda kuchukua viatu vyangu, bibi mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mimi ya Kampala," akasema. Alisita akatafuta neno lililofuata, akalikosa, akalipata. "Bwana yangu alipokufa, mimi hapana mtu ya kuongea na yeye hii lugha. Rudia, mwanangu. Ile ya farasi. Rudia pole pole."

Nikakaa karibu naye, nikarudia tangu mwanzo. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na yangu.